Daudi Aliambiwa Hapana, Nami Nataka Kuweka Tofali Moja

Mama Chantal, mama wa kipindi chetu cha mashauri redioni,

Nakuandikia nikiwa nimeegemea mito, kwa sababu nikilala chali maji yananipanda kifuani na pumzi inakatika, na mke wangu Odile ameshika ubao chini ya karatasi ili mkono usiteleze, kwa hiyo ukiona herufi zinapanda na kushuka ujue ni mkono wa mzee aliyefundisha historia katika shule za sekondari za Kisangani mpaka sauti ikamwisha. Daktari ameniambia nirudi nyumbani nikale ninachopenda. Nimekuwa mwalimu muda mrefu, namtambua mtu anayetafuta maneno laini ya kumwambia mwingine kwamba mtihani umekwisha. Basi siombi dawa. Naomba uniambie, kabla ya Jumamosi, nifanye jambo fulani au nisilifanye, na ili ulielewe sina budi nikueleze nililolifanya zamani, na tafadhali usinifichie jina. Naitwa Sébastien, nakaa Mangobo, na wengi watakaokusikiliza wananijua.

Kanisa letu ni dogo. Tulilianzisha sisi tuliotoka Maniema, tukasali kwa Kiswahili chini ya turubai, kisha zikaja familia za mtoni, watu wa Yanonge na Isangi, wavuvi na wafanyabiashara wa mtoni, wakasali pamoja nasi, wakaunda korali yao ya Kilingala, na tulipoamua kujenga nyumba ya matofali mimi nikafanywa mkuu wa kamati ya ujenzi, wao wakaleta mchanga kwa mitumbwi bila kuombwa mara mbili, na ukuta ukapanda mpaka usawa wa madirisha. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilianza kusema kwamba nyumba hii ni ya Kiswahili, kwamba waliotangulia ndio wenye kupanga, na nilikuwa na historia yote kichwani ya kuwanyamazishia wenzangu, maana aliyesoma hakosi hoja hata anapokosea, mpaka nikapitisha uamuzi kwamba korali ya Kilingala iwe inaimba baada ya baraka ya mwisho, yaani wakati ambapo watu wanatafuta viatu vya watoto na kutoka nje.

Kiongozi wa korali hiyo alikuwa Papa Moïse wa Yanonge, mtu mpole mwenye kifua kipana. Alisimama kikaoni akasema huku anatabasamu ili asiniudhi:

“Papa Sébastien, weye unaita sombe, miye naita pondu, lakini tunakulaka majani moya ya muhogo.”

Watu wakacheka. Mimi nikaona wananicheka mimi, nikamjibu:

“Basi, enda kupika yako kwenu.”

Akaketi. Jumapili iliyofuata waliimba baada ya baraka kama nilivyoamuru, wimbo mzima mpaka mwisho, watu wakiwapita, na walipomaliza kila familia ya mtoni ikainua benchi yake, maana kila familia ilikuwa imekuja na benchi yake, wakazibeba kichwani, wakapita mbele ya ukuta uliojengwa kwa mchanga wao wenyewe, wakaenda. Ukuta ule haujaongezwa hata tofali moja tangu siku hiyo. Majani yameota juu yake.

Mchungaji wetu Alphonse, ambaye sasa ni marehemu, hakunifukuza wala hakunitetea. Aliningoja nimalize kujieleza, na ilichukua miaka. Kisha siku nilipompelekea mpango mpya wa kuendeleza ujenzi, alifungua Maandiko mahali ambapo mfalme Daudi anataka kumjengea Mungu nyumba naye anakatazwa kwa kuwa mikono yake imemwaga damu nyingi, akaniambia: “Papa Sébastien, weye haukumwaga damu, lakini ulitawanya batu. Nyumba ile haitajengwa na mukono yako. Kusanya vyombo ya ujenzi. Mwengine atajenga.”

Niliondoka bila kuaga. Nilikusudia kuhama kanisa, lakini mtu wa historia hawezi kuiacha habari kabla hajaichunguza, nikairudia sura ile usiku na mchana nikitafuta pa kumkosolea mchungaji, na pa kumkosolea sikupaona, ila nilimwona Daudi.

Nilikuwa nimemfundisha Daudi kwa watoto wa kanisa kama wote wanavyomfundisha: kombeo na jitu, kisha mke wa mtu, kisha mume wa yule mke kupelekwa mstari wa mbele ili afe, kisha baba asiyeweza kuwaonya wanawe. Mfalme aliyevunja karibu kila kitu alichopewa akishike. Sikuwahi kuona kwamba mtu huyohuyo, akiwa na nguvu na mali na mafundi, akiwa safari hii anataka jambo jema kabisa, aliambiwa hapana, akatii. Kukatazwa ubaya si kazi kubwa kuelewa, hata mwizi anajua anakatazwa nini. Lakini kukatazwa wema wako mwenyewe, uliouota na kuupigia hesabu, na kuambiwa kwamba ni wema kweli ila hautapita mkononi mwako, Mama Chantal, hapo wafalme wengi wangeanza kujenga kwanza na kuomba radhi baadaye. Yeye hakununa. Aliingia mbele za Mungu akashukuru, kisha akatoka akaanza kukusanya mierezi na chuma na mawe kwa ajili ya nyumba ambayo mlangoni mwake asingepita. Mimi nampenda mfalme yule kuliko watu wote wa Maandiko wasio na doa, kwa sababu ya ile hapana aliyoibeba vizuri.

Basi nikamwiga. Nilianza kukusanya mbao, lifaki na kambala, mbao ngumu za misitu yetu, zikiletwa na vijana wa toleka, teksi zetu za baiskeli, waliozifunga ubavuni mwa baiskeli zao na kuzisukuma kwa miguu kutoka njia ya Bangboka. Niliwafuata wanafunzi wangu wa zamani maofisini mwao nikawaambia “uliniibia mtihani wa mwaka ule, nipe mabati,” na wakanipa, wengine hawakuwa wameiba chochote. Nilizipanga mbao katika kibanda nyuma ya nyumba, na vijiti katikati ili hewa ipite, nikazipaka mafuta machafu ya injini dhidi ya mchwa, nikawa nazigeuza kila majira ili zisipinde. Hata jeneza langu nimemwambia Odile litoke katika mbao nyeupe za sokoni, asiguse zile. Ufunguo wa kibanda ninao shingoni ninapoandika.

Mchungaji Alphonse naye alikuwa anakusanya, ila yeye alikusanya watu. Alikwenda kuamkia familia za mtoni nyumba kwa nyumba, na kabla hajafa nyingi zilikuwa zimerudi, na benchi zao. Papa Moïse hakurudi. Alifia Yanonge. Sikwenda kumzika na sikuwahi kumwomba msamaha.

Sasa kanisa limekaa na kumchagua atakayesimamia ujenzi, na aliyechaguliwa ni Félicité, binti wa Papa Moïse, ambaye amesomea ujenzi hapa hapa mjini. Alikuja kuniona siku chache zilizopita. Nilijikokota nikamfungulia kibanda, akagonga ubao kwa kidole, akaunusa, akaangalia kwa jicho moja kama umenyooka.

“Papa, mbao hii iko kavu kabisa! Ulifanya namna gani?”

“Nilikuwa nazigeuza.”

“Kila mara?”

Odile akaitikia kutoka jikoni: “Mbao ndiyo inageuzwa, binti yangu. Miye alinisahau upande moya, niko naungua.”

Tukacheka wote, mimi nikakohoa mpaka nikakaa chini. Félicité alinipa maji, akaningoja, akasema: “Bon, Papa, tunaanza Lundi. Hii itabeba paa mpaka bajukuu yetu bazeeke. Utanipa ufunguo?”

Nikamwambia nitafikiri.

“Hakuna shida, Papa. Papa yangu alikuwa anasemaka weye unafikiriaka sana.”

Akaaga kwa heshima akaenda, na mpaka leo sijui kama baba yake alikuwa ananisifu.

Halafu akaja rafiki yangu Hubert, tuliyekuwa naye katika kamati ya zamani. Hubert ana mpango. Anasema Jumamosi, kabla ya mafundi wa Félicité kuanza Jumatatu, yeye na wengine wawili watanibeba kwenye kiti mpaka ukutani, watakoroga simenti kidogo, nami niweke tofali moja kwa mkono wangu, wapige picha, na tarehe ichorwe hapo. Nilimkumbusha neno la Mchungaji Alphonse. Hubert akacheka: “Alphonse alikataza kujenga. Tofali moya iko kujenga? Na weye uko mutu ya kufa, Papa. Nani atakukatalia?”

Mama Chantal, tangu aseme hivyo nahisi uzito wa tofali lile kiganjani hata nikiwa nimelala. Nimelinda mbao zile zaidi ya nilivyolinda afya yangu, na sitaliona paa. Daudi alikuwa na Sulemani, mwanawe mwenyewe, kujenga kwa Sulemani kulikuwa bado ni kujenga kwa Daudi. Kwangu anajenga binti wa mtu niliyemfukuza, na mlango ameshasema atauhamishia upande wa pili, na ibada itakuwa kwa lugha mbili. Sipingi. Nataka tu mkono wangu uwemo. Tofali moja, chini kabisa au juu, popote. Je, ni uasi? Mzee anayekufa akiweka tofali moja katika nyumba ya Mungu, Mungu atakasirika kweli? Nijibu kwa Kiswahili kilichonyooka, sina muda wa fumbo.

Sébastien, Mangobo

*

Papa Sébastien,

Pole kwa hayo maji ya kifuani, na pole zaidi kwa Mama Odile anayeshika ubao.

Nianze na kosa langu. Niliposoma barua yako mara ya kwanza niliandika jibu fupi: nenda Papa, weka tofali lako, Mungu si mchoyo. Nikatoka kwenda sokoni na moyo mweupe. Nikiwa nachagua samaki nikamkumbuka nabii Nathani. Mfalme alipomwambia nia yake ya kujenga, Nathani naye alijibu haraka kwa wema wake, akamwambia fanya yote yaliyo moyoni mwako, na kesho yake ilimbidi arudi kwa mfalme kulifuta neno alilotoa bila kuuliza kwanza. Samaki nimewaacha, nami nimerudi. Jibu langu ni hili: usiliweke.

Unaliita tofali moja. Mzee uliyesoma, unajua kabisa halina uzito wa tofali. Ni la kwanza, lina tarehe, lina picha, na linawekwa siku mbili kabla ya wenye kazi kufika. Hubert anakupenda, simlaumu, lakini sikiliza alivyosema: nani atamkatalia mtu wa kufa? Hiyo ndiyo sababu ya kutoomba. Félicité hatakukatalia. Familia za mtoni hazitakukatalia. Watafika Jumatatu, wataona mkono uleule uliowatoa umeshatangulia tena ukutani, na watanyamaza, kama walivyonyamaza siku ile ya benchi. Ulishawanyamazisha mara moja, Papa. Usitumie kifo chako kuwanyamazisha mara ya pili.

Unauliza kama Mungu atakasirika. Mimi si nabii, nina maikrofoni tu, na sijui kama yule aliyesema kwa kinywa cha Mchungaji Alphonse alikuwa Mungu mwenyewe. Ila wewe ulilichunguza neno lile kama mtu anayetafuta pa kutokea, ukakosa, ukalitii miaka yote hii. Sasa umebakiwa na siku chache za kulitii, na unataka kuzitoa kwa picha?

Sasa nikusifu, na usinikatize. Nimesoma barua nyingi za watu wa kanisa mezani hapa. Wengi wanaandika kwamba wameonewa: mtu aliondolewa kwenye kamati, akachukua ngoma yake, akachukua na mabati yake, akafungua kanisa lingine ng'ambo ya barabara. Mangobo unaijua, hesabu mwenyewe makanisa yaliyozaliwa hivyo. Wewe uliambiwa hapana usoni, ukakasirika, ukarudi, ukaanza kukusanya mbao za nyumba ambayo hukuruhusiwa kuijenga, ukawa unazigeuza kila majira, na mchwa hawakuzipata. Mtu akiniuliza kumtii Mungu ni kitu gani, sitamsomea mahubiri. Nitamwambia kuna mzee Mangobo, njoo nikuonyeshe ubao mkavu. Na umeniambia jambo juu ya Daudi ambalo sikuwa nimeliona, mimi niliyezoea kumhukumu kwa ajili ya yule mwanamke na mumewe: kwamba mtu aliyeshindwa pengi aliweza kusimama vizuri hapo pagumu kuliko pote. Asante, mwalimu.

Lakini umemwiga nusu. Daudi alikusanya, kisha akatoa, mbele ya watu wote, akiwa hai, akamwambia mjengaji awe hodari na afanye kazi. Wewe umekusanya, kisha umefunga kwa kufuli na kuning'iniza ufunguo shingoni. Binti ameomba, umemwambia utafikiri. Ufikiri nini? Mbao zimekauka. Aliyebaki kukauka ni wewe.

Na hilo la kwamba Daudi alikuwa na mwanawe. Papa, ungependa nani mwingine ajenge? Aliyetawanywa ndiye amerudi kujenga, na amekuja kukuomba ufunguo kwa adabu, akakupa maji ulipokohoa. Kama ningekuwa Mungu ninayetaka kukuonyesha kwamba nimekusamehe, nisingepata mtu bora wa kumtuma.

Basi fanya hivi. Ufunguo utoke shingoni leo, usingoje siku nyingine, kwa sababu maji ya kifuani hayangoji Jumatatu. Mama Odile aupeleke kwa Félicité, na amwambie tu: Papa amemaliza kufikiri.

Jumamosi baki kitandani. Hubert akija na simenti yake, mwambie aiweke kando mpaka Jumatatu, itahitajika, na kiti kile hakitapotea bure.

Jumatatu, kama pumzi ipo, wakubebe mpaka ukutani, Hubert akishika upande mmoja na mtu wa mtoni akishika upande wa pili. Usishike tofali. Sema neno moja, na ulisemee kwa Kilingala. Usiniambie hukijui. Mzee wa Mangobo asiyejua Kilingala angeshakufa njaa sokoni zamani. Useme: Bolimbisa ngai. Ndako oyo ezali ya bino. Nisameheni, nyumba hii ni yenu. Uishie hapo. Usiwaeleze historia, historia waliibeba kichwani pamoja na benchi. Kisha mwombe Félicité korali ya baba yake iimbe kwanza, kabla ya maombi, kabla ya baraka, kabla ya mtu yeyote kugusa simenti, na wewe uusikilize wimbo mzima mpaka mwisho, kwa maana ule wa siku ile hukuusikiliza.

Kama pumzi haitafika Jumatatu, usiogope kwamba neno lako litapotea. Hukutaka nifiche jina, sikulificha, na nimeisoma barua yako yote hewani asubuhi hii. Félicité ana redio kama watu wote. Amekwisha kukusikia ukisema kwamba hukumzika baba yake.

Na jambo la mwisho, mwalimu, kwa kuwa uliomba Kiswahili kilichonyooka. Ulipotusimulia jinsi Daudi alivyopokea ile hapana uliruka neno moja. Ulisema aliingia mbele za Mungu akashukuru. Rudi usome. Maandiko yanasema aliingia, akaketi, ndipo akashukuru. Mfalme mzima, na mafundi wake wakingoja nje, aliketi tu. Mungu alikuwa amemwomba hicho peke yake, na ndicho miguu yako bado inakiweza.

Keti, Papa Sébastien. Waache wajenge.